Chupa za Kijani Nyuma ya Reli

Siku yangu ya kwanza kwenye farmasi ya hospitali, hapa Kamina, sikugusa dawa hata moja. Chefu, yaani mkuu wa farmasi, mzee wa kanisa la Kimetodisti ambaye koti lake jeupe halikukosa pasi hata umeme ulipokosekana, alinionyesha beseni la chupa chafu.

"Mama Ngoie, weye utaanza na kusukula. Muntu mwenye hajue chupa, hajue dawa."

Ilikuwa miaka ya tisini. Treni zilikuja kwa nadra, kisha vita vikazisimamisha, na chupa mpya hazikuletwa tena. Dawa ya kikohozi tuliipika wenyewe na kuihifadhi ndani ya damujani, chupa kubwa yenye tumbo, iliyosukiwa kikapu. Lakini mgonjwa angeibeba ndani ya nini hadi nyumbani? Basi mimi na Ilunga, mlinzi wa stoo, tukawa wachimbaji. Tulifukua majalala ya nyumba walizoacha Wabelgiji.

Chefu alitufundisha kuzisoma chupa. Mshono wa kalibu ukipanda hadi mdomoni, chupa ni ya mashine. Ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono, na chupa ni ya zamani zaidi. Ya buluu yenye matuta ubavuni ilikuwa ya sumu; matuta yalimwonya mtu anayepapasa gizani. Hiyo hatukuitumia kamwe. Zilizomeguka mdomo nilizipeleka kwangu nikazipanga dirishani, na bila kujua nikawa mkusanyaji.

Kisha watoto wa kambi ya askari wakaanza kukohoa. Mama Bolumbu, mke wa askari kutoka jimbo la Équateur, alimleta mwanawe kifua kikilia kama filimbi. Dawa tulikuwa nayo. Chupa hatukuwa nayo.

Siku hiyo, nyuma ya reli, jembe la Ilunga liligonga kioo kwenye majani. Zilikuwa chupa za kijani zilizochomekwa ardhini kwa mdomo, zimepangwa kwa mstari, matako juu. Nikavuta moja. Ardhi ikaiachia kwa sauti ya mtu anayemeza mate. Mshono uliishia shingoni. Sikuwahi kushika chupa nzuri kama ile.

Ilunga akaangusha jembe. "Acha, mama. Hii iko kaburi ya muntu."

Tulimwita Chefu. Alivua kofia.

"Mwenye kulala hapa hakohoe tena," akasema. "Mutoto wa Mama Bolumbu njo anakohoa. Tunazikopa. Tutazirudisha."

Tulizichemsha, tukazijaza dawa. Mama Bolumbu aliondoka na ya kwanza. Asubuhi tulipofungua farmasi, chupa zote za kijani zilizobaki rafuni zilikuwa zimesimama kwa mdomo, vizibo vimekaza, hakuna hata tone lililomwagika. Ufunguo ulikuwa umelala kwa Chefu. Tukazigeuza. Kesho yake tukazikuta vilevile.

Chefu aliimimina dawa ndani ya damujani. "Muzirudishe. Sasa hivi."

Tukazirudisha kila moja kwenye shimo lake. Shimo moja likabaki wazi.

Muda ulipita. Watu walishaanza kufunga mizigo kwa habari kwamba vita vinaukaribia mji wetu, Mama Bolumbu alipotokea mlangoni, mwanawe akitembea kwa miguu yake, chupa mkononi.

"Mama, kamata chupa yenu. Mutoto anasema, kuko muzee anakuya kuulizia yake."

"Muzee gani?"

"Minyi simuone. Yeye tu njo anamuona."

Nilikwenda na Mama Bolumbu hadi kaburini. Ilikuwa kiangazi, udongo umekauka na kupasuka, lakini lile shimo lilikuwa na unyevu ndani. Nikaweka mdomo wa chupa juu yake. Kabla sijakandamiza, ikaanza kushuka yenyewe, polepole, hadi tako lake likalingana na mengine. Mama Bolumbu alinishika mkono. Tuliondoka bila kugeuka.

Sasa nimestaafu. Chefu na Ilunga wametangulia. Vijana wanakuja kuona chupa zangu, nami nawafundisha kutafuta mshono, vipovu, herufi za kwenye tako. Kila mara mmoja wao huuliza kwa nini zile za kijani wanazoziona nyuma ya reli, nzuri kuliko zote, sikuzichukua hata baada ya vita, wakati hakuna aliyekuwa akiangalia.

Ninamjibu kwamba zina mwenyewe.