Fundi Aliyekataa Kung'oa Mfuko

Treni ya kutoka kwetu Mpanda wiki hii imeniletea barua ya baba, na ndani yake mstari mmoja ulionifanya nikae chini: fundi amefariki, tumeshamzika. Nyie mnaosoma safu yangu katika gazeti letu la shule mnajua kwamba mimi ni msichana wa haya, nayaandika ya moyoni kwa sababu mdomo hunigomea. Leo naandika habari za mtu niliyemchukia muhula mzima, na sasa nikimfikiria mwili unanisisimka.

Cherehani yake ilikuwa kwenye baraza ya duka la Mhindi, karibu na stesheni. Mashati yake uliyatambua kwa mbali: kitambaa cheupe cha marekani, bila kola ya Kizungu, na kifuani mfuko mmoja mpana uliotariziwa kwa uzi mweusi, michoro ile ile ambayo bibi zetu wa Kikonongo huiweka kwenye vikapu. Watu walimtania, "Fundi, huu mfuko au ghala?" Naye bila kuinua macho, "Jaza mahindi uone. Yakizidi, niletee." Lakini wake wa Wazungu wa mgodini walipoagiza kanzu za wapishi wao, walitaka zisiwe na mfuko hata mmoja, sukari na vijiko visije vikatoka nyumbani. Mafundi wote walishona hivyo. Baba yangu alikuwa mpishi katika mojawapo ya nyumba hizo.

Mwaka juzi, nikiwa nyumbani likizo, kanzu mpya ya baba ilitoka kwa fundi ikiwa na mfuko kifuani. Memsahibu, yule mke wa Mzungu wake, akampa siku moja: auondoe au aache kazi. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inanisomesha. Nikafuatana na baba hadi barazani.

"Fundi, umeniponza. Ung'oe."

Fundi akasimamisha gurudumu. "Bwana mpishi, mtu mzima kama wewe, leso ya jasho unaiweka wapi? Mdomoni?" Waliokaa pale wakacheka. Baba hakucheka. Fundi akamnyooshea mkasi. "Nguo ni yako. Ukitaka, kata. Mimi sikati."

Tulirudi nyumbani na mkasi wa kuazima. Mama akasema, "Kata, mume wangu, mtoto asome." Na mimi, ambaye hata darasani hunisikii, nilisema kwa sauti, "Baba, kata tu." Baba akaivaa ile kanzu, akatia mkono mfukoni. "Mkono huu umebeba sinia za watu miaka yote," akasema. "Haujawahi kupata mahali pa kupumzika." Asubuhi akaenda kazini na mfuko wake. Kabla ya saa sita alikuwa amerudi, hana kazi.

Muhula ule sikurudi shule. Nikipita dukani nilitazama upande wa pili, hadi siku moja fundi akaniita. "Umenikasirikia, mwanangu?" Nikatazama miguu yangu. "Una haki. Nilipaswa kumuuliza baba yako kabla ya kushona. Kwa hilo nimekosa. Kwa mfuko sijakosa." Sikumjibu, na sasa sitamjibu tena. Lakini nilikuwa nimeona kinachotokea pale barazani: wapishi, madobi na watunza bustani walikuwa wakifika mmoja mmoja, kila mtu na kanzu yake mkononi, wakitaka mfuko kama wa mpishi. Kufukuza mmoja ni rahisi. Wakifukuzwa wote, memsahibu gani angekubali kujipikia? Chama cha kudai uhuru kilipofanya mkutano wake uwanjani, nilisimama pembeni na mama. Mzungumzaji alisema vizuri sana, ila mimi macho yangu yalibaki kwenye vile vifua vilivyotariziwa, na kwa wanaume waliozoea kusubiri amri, sasa wametulia, mkono mfukoni. Mama, ambaye hata salamu alikuwa hampi fundi, alinong'ona, "Ala! Kumbe alikuwa anatushonea sote."

Baadaye baba alipata kazi ya kupika katika hoteli ya pale stesheni, nami nikarudi huku shuleni. Fundi hakujua kusoma hata jina la duka lililoandikwa juu ya kichwa chake, wala hakuwahi kupanda jukwaani. Alijua kitambaa, na alijua kwamba nguo humfundisha mtu namna ya kusimama. Mimi mwenye masomo ndiye niliyesema "kata". Wenzangu, sote hapa tumefika kwa migongo ya wazazi wetu. Siku wakitaka kuinyoosha, hata kama ni kwa hasara yetu, tusiwaombe waendelee kuinama.