Leseni ya Bi Marta Iliyolala

Siku ya kwanza nilipoingia kazini katika shule ya udereva pale Malindi, nilivaa shati lililopigwa pasi na viatu vya kuazima, nikitaraji kukabidhiwa funguo za gari. Meneja, mtu mfupi wa Shela asiyependa maneno mengi, alinikabidhi kitambaa.

"Pangusa magari," akaniambia.

Nikatoka nje. Akaniita ndani tena. Magari aliyoyakusudia yalikuwa mezani: vigari vya bati, vidogo kama kiberiti, vimepangwa juu ya ubao uliochorwa mji mzima na barabara zake, mizunguko yake na vivuko vyake. Tuliuita ubao wa mji. Mwanafunzi alisukuma kigari juu yake mbele ya mpimaji, huku akieleza anaingia njia ipi na nani ana haki ya kutangulia. Akikosea hapo, barabarani hatolewi. Nilipangusa vigari wiki nzima, nami ni mwepesi wa hasira, kwa hiyo mnaweza kukisia nilivyokuwa nikivipangusa.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kilifi. Miaka ile ya themanini daraja lilikuwa halijajengwa, na magari yakivuka kwa feri. Mwanafunzi niliyetaka kumjua nilimpeleka kwenye mteremko wa feri na kumwamuru asimamishe gari pale pale, likitazama juu, bila kutumia breki. Kazi hiyo huitwa klachi nusu: mguu wa kushoto unaachia kidogo, wa kulia unakanyaga mafuta kidogo, na gari linatulia. Likiteleza nyuma, nyuma ni maji. Wengi walimkumbuka Mola wao hapo kuliko msikitini.

Pale Kilifi ndipo nilipoanza kupewa wageni kutoka Ulaya, kwa sababu nilikuwa na Kiingereza cha kuombea maji. Mgeni aliyetaka leseni yake ya Kenya iendelee alihitaji kibali cha kuishi nchini, kipande chake cha mgeni, yaani kitambulisho, na kijitabu cha leseni kilichobandikwa karatasi ya mwaka. Wengi wao waliishi nusu huku nusu kwao, na karatasi hizo zikawapita. Leseni ikikaa muda mrefu bila kufanywa upya tulisema imelala, na mwenyewe alipimwa upya kama hajawahi kushika usukani. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mzee mmoja mwenye nyumba Kikambala aliniambia alianza kuendesha gari kabla baba yangu hajaoa. Nikamjibu kwamba mpimaji hamjui baba yangu, kwa hiyo hoja hiyo haitamsaidia.

Bi Marta hakupiga kelele. Alikuwa muuguzi kutoka Uswisi, mwanamke mrefu wa makamo, aliyekuwa na zahanati ndogo nyuma ya ufuo wa Bofa na gari moja kuukuu. Gari hilo ndilo lililopeleka wajawazito wa vijiji vile hospitali ya Kilifi, na dereva alikuwa yeye peke yake. Alikuwa amekwenda kwao kumuuguza mama yake hadi alipomzika, na aliporudi leseni ilikuwa imelala. Nilimjaribu siku moja tu. Gari alilijua kuliko mimi, na ubao wa mji aliumaliza huku akicheka. Nikamwambia meneja wa tawi kwamba huyu hana haja ya masomo, apelekwe akapimwe.

Mpimaji wetu alikuwa Inspekta mmoja kutoka bara, mgeni kabisa katika pwani, mtu wa haki lakini mkavu kama biskuti. Mtihani ulikuwa kutoka ofisini kwenda mwisho wa njia ya Bofa na kurudi. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kama ilivyokuwa desturi ya walimu. Gari halikufika mbali, Bi Marta akapunguza mwendo, akatoa mkono dirishani.

"Shikamoo, mzee. Mguu waendeleaje?"

Akangoja marahaba yake, akangoja na habari za mguu, kisha akaondoka. Mbele kulikuwa na akina mama waliotoka kisimani, naye akawaamkia mmoja mmoja. Kisha fundi baiskeli. Kisha mzee mwingine. Watu walikuwa hawajamwona tangu msiba wake, na kila mmoja alitaka kumpa pole.

"Mama," Inspekta akasema hatimaye, "hii ni mtihani ama ni kampeni? Mkono mmoja uko nje, macho iko kwa wazee. Umeanguka."

Tulipobaki wawili nilimwambia arudi tena, ila safari hii asimsalimu mtu. Akanitazama kama niliyetukana.

"Mwalimu, nitampitaje mtu mzima kama nampita mbuzi?"

Kabla ya zamu yake nyingine kufika, Kadzo, mke wa fundi baiskeli, alishikwa na uchungu. Gari lilikuwa uani kwa zahanati, limefungwa, na Bi Marta aliapa hatavunja sheria ya nchi iliyompa kibali. Kadzo akalazwa juu ya mkokoteni, wanaume wakasukuma, Bi Marta akikimbia kando yake. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye vumbi, naye akapona kwa rehema za Mungu. Asubuhi yake Bi Marta alikuja ofisini akiwa bado na damu kwenye kanga.

"Nifundishe kutosalimu," akasema.

Nimefundisha watu wengi mambo mengi, lakini somo hilo ndilo lililonitia uchungu. Kila siku tulipita njia ya Bofa, mimi nikisema macho mbele, Bi Marta, mikono yote miwili. Watu wakiinua mikono, yeye akipita huku machozi yakimtoka. Hata hivyo kila siku mkono ulimponyoka mahali. Na vijijini maneno yakaanza: Ulaya imemharibu, amerudi na maringo.

Aliyeumia zaidi ni Mzee Kazungu, jirani ya zahanati, aliyemwita Bi Marta mwanangu. Alikuja kwa miguu hadi ofisini na bakora yake, akakataa kiti.

"Mwalimu, yule mwanangu nimemkosea nini? Tangu arudi kutoka kwao anipita kama kisiki."

Nikamweleza habari ya mtihani yote: kwamba akimsalimu mtu mmoja tu, anaanguka, na akianguka akina Kadzo watabaki na mkokoteni. Mzee alisikiliza akitazama sakafu.

"Na mtihani wenyewe ni lini?"

"Jumatano, baada ya adhuhuri."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Jumatano ile tulipoingia njia ya Bofa nilidhani kuna balaa. Watu walikuwa kando ya njia, wengi kuliko kawaida, na wote walikuwa wametupa migongo. Akina mama na ndoo zao wanatazama minazi. Fundi baiskeli ameugeukia mlango wake. Mwanamke mmoja alikuwa amemziba mtoto macho kwa kanga. Na Mzee Kazungu amesimama uso kwenye ua wa makuti, nusura pua iguse, fulana yake imetoboka mabegani. Hakuna aliyeinua mkono, wala hakukuwa na uso wa kusalimiwa. Bi Marta aliendesha mikono yote miwili juu ya usukani hadi mwisho wa njia.

"Simama," Inspekta akasema. "Mama, hawa watu umewafanyia nini?"

Nikajibu mimi kutoka nyuma. "Afande, wanamsaidia. Wakimtazama atawasalimu."

Inspekta akageuka kuangalia njia tuliyotoka. Kisha akatoa kalamu, akaitia sahihi karatasi ya mtihani juu ya goti lake.

"Mtihani imeisha," akasema. "Rudi na barabara ile ile. Pole pole."

Migongo ilikuwa bado pale pale. Bi Marta akasimamisha gari penye ua wa makuti, akatia breki ya mkono kama anavyotakiwa, akashuka.

"Shikamoo, baba."

Mzee Kazungu hakugeuka. "Umeipata?"

"Nimeipata."

Ndipo alipogeuka. "Marahaba, mwanangu," akasema, na njia nzima ikageuka pamoja naye. Inspekta alivua kofia yake, akaanza kuamkia watu kwa Kiswahili chake cha bara, akikosea nani amwamkie nani.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, Kilifi, Kikambala na Malindi tena, mpaka macho yaliponitaka nipumzike. Leseni yangu mwenyewe sasa imelala, na sina nia ya kuiamsha. Natembea kwa miguu, na najua vijana wanasema mzee huyu ana kiburi. Ni kwa sababu nikiona gari lenye kibao cha L, cha mwanafunzi, linakuja, naugeukia ua wa watu na kusimama hivyo mpaka limalize kupita.