Pumzi ya Alcide na Betri za Uwanja

Verna Guidry alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye uwanja mkubwa wa michezo wa mji wa Lake Charles tangu usichana wake. Paa lilipofunikwa kwa paneli za sola, alicheka kuliko wote. "Basi mechi zitakuwa za mchana tu," alisema. Mumewe Alcide, aliyestaafu kazi ya kiwanda cha mafuta akiwa na mapafu mabovu, alicheka naye mpaka akakohoa.

Kisha kikaja kimbunga. Umeme ukakatika mji mzima, isipokuwa uwanjani, kwenye betri zilizojazwa na zile paneli. Verna akampeleka Alcide huko, akamlaza kwenye chumba cha wachezaji wageni na mashine yake ya oksijeni, miongoni mwa wagonjwa wengine.

Asubuhi mawingu yalikuwa mazito bado, na upepo ulikuwa umeng'oa sehemu ya paneli. Fundi wa umeme, Thuy Doan, akamvuta Verna pembeni.

"Bi Verna, betri zinashuka. Tusipopunguza matumizi, hazifiki usiku."

"Na mashine za wagonjwa?"

Thuy akafungua sanduku la swichi ukutani.

"Viyoyozi nazima mwenyewe," Thuy akasema. "Lakini watu wamechomeka kila kitu. Mimi hawanijui. Wewe wanakujua."

Verna akazunguka majukwaani, akiwaomba watu wachomoe vifaa vyao. Watu walinung'unika kwa joto, lakini wakachomoa.

"Bi Verna, ulizoea kutufukuza getini, leo unatufukuza kwenye soketi!" mmoja akamtania. Alijaribu kucheka, akashindwa.

Nyuma ya kibanda cha vinywaji akamkuta Ovide Broussard, mvuvi, amekalia freza lake kubwa, limechomekwa.

"Chomoa, Ovide."

"Kambamiti wangu wataoza, mama! Ndiyo mali pekee iliyonibakia. Boti imezama."

"Alcide yuko kule chini na mashine."

Ovide akainamisha kichwa. "Alcide wetu? Kwa nini hukuanza na hilo?" Akachomoa waya, akaenda kutafuta jiko la gesi na sufuria.

Mchana kutwa Verna alikaa kando ya kitanda. Mashine ilipobadilisha mlio kidogo tu, aliinuka kuitazama.

"Acha kunitazama kama maiti," Alcide akasema.

"Nyamaza, utamaliza pumzi."

Kwenye saa tisa mawingu yakapasuka. Jua lilikuwa hafifu, lakini Thuy alikuja mbio. "Zinapanda! Polepole, ila zinapanda." Verna akajifunika uso kwa viganja, akalia. Nje, Ovide alikuwa akigawa kambamiti waliochemshwa kwa pilipili, akimfokea kila aliyetaka kulipa.

Betri zilivuka usiku ule, na usiku uliofuata. Umeme wa mji uliporudi, Alcide akarudishwa nyumbani akiwa hai, analalamikia kahawa.

Verna, hata hivyo, hajatulia. Taa zikicheza kidogo tu, huacha vyombo kwenye sinki, akaenda kusimama mlangoni pa chumba, hadi aone kifua cha mumewe kikipanda na kushuka.