Mimba Isiyoamka

Siku yangu ya kwanza wodi ya wazazi, enfermeira-chefe, yaani mkuu wa wauguzi, alinikuta nakimbilia utepe wa kupimia. "Binti, piga hodi kwanza," alisema. "Tumbo la mtu si ngoma." Tangu hapo nilianza kwa kuuliza, ndipo nikagusa.

Nilihudumu Namoto, mpakani, kisha nikahamishiwa Quitunda, kijiji cha familia zilizopisha mradi wa gesi. Nyumba zilikuwa mpya, maradhi yale yale. Huko Bi Muaziza alinijia na mkwewe, Zaituni, tumbo limevimba hadi kitovuni.

"Enfermeira, mtoto huyu mvivu kama babake," Bi Muaziza alicheka. "Kalala tu. Anangoja babake atoke kazini Afungi, kwenye gesi."

Kwetu tumbo likikua bila kuzaa husemwa mimba imelala, mpaka mume arudi au mganga aiamshe. Nilipiga hodi. Tumbo lilikuwa gumu, lina vinundu kama gunia la mihogo. Kwenye bomba la kusikilizia sikusikia moyo wa mtoto. Nilishusha kope ya Zaituni: ndani kweupe, damu imepungua.

"Mwezi unauona?"

"Nauona mpaka nguo hazitoshi," alinong'ona. "Nikiinuka, dunia inazunguka."

Niliwaeleza kuhusu mioma, uvimbe unaoota kwenye mji wa mimba. Aghalabu si saratani, na wengi wanao bila kujua. Lakini wengine huvuja damu nyingi, hubanwa kibofu, au hukosa kushika mimba. Nikasema lazima apelekwe hospitali kubwa ya Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, akapasuliwe.

Bi Muaziza alisimama. "Mwende Pemba wakamkate mjukuu wangu?"

"Mama, hakuna mjukuu humu. Anayetaka kulala ni mkweo, na damu ikiendelea hivi hataamka."

Alimtazama Zaituni, aliyekuwa ameegemea ukuta, midomo imepauka. Akakaza kanga kiunoni. "Gari liko wapi?"

Gari halikuwepo. Tulingoja tukihangaika, mimi nikitoka na kuingia kila nikisikia mngurumo barabarani, hadi likapatikana. Pemba walimwongezea damu kwanza, kisha daktari akatoa uvimbe na kuuacha mji wa mimba. Alionya kwamba mioma huweza kuota tena. Majirani walipouliza mtoto yuko wapi, Bi Muaziza aliwajibu: "Hakulala mtu. Ilikuwa mioma. Kapimeni na wenu."

Nimestaafu, lakini situlii. Juzi sokoni nilimkazia macho mwanamke muuza samaki aliyeshika nguzo akiinuka.

"Mama, mbona unanikagua kama askari wa mpakani?" alitania.

"Mwanangu, mwezi unauonaje?"

Akaacha kucheka, akanisogezea kigoda.