Fimbo Isipite Sikio

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki, na kabla watu hawajaondoka msibani baba zangu wadogo walikuwa wameshagawana ng'ombe. Mimi hakuna aliyenitaka. Nikapewa jembe. Darasa la tatu sikulimaliza, na sioni aibu kusema. Nilikuwa nikilima mashamba ya watu, peke yangu, asubuhi ya baridi mpaka jua linipige utosini, nikifukia majani chini ya udongo kutengeneza yale matuta ya mviringo tunayolimia huku Ufipa. Mpini wa jembe ulinifika kidevuni. Ili jembe liingie ardhini ilibidi nilirushe nyuma mpaka lining'inie mgongoni, halafu nijitupe nalo mbele mwili mzima. Hakuna aliyenifundisha. Nasema haya mapema kwa sababu, zaidi ya miaka hamsini baadaye, mrusho ule ule ulikaribia kuninyang'anya uwanja wangu.

Uwanja wenyewe ni huu. Nilipofika miaka kumi na sita nilipanda lori mpaka kwenye mashamba ya chai, mbali, siku mbili njiani. Sikuchuma chai. Nilipewa fyekeo nikate majani kwenye uwanja wa gofu wa mabwana wakubwa. Kama hujawahi kuona gofu, ni hivi: mtu anasimama kando ya kipira kigumu, cheupe, kidogo kama ndimu, anakipiga kwa fimbo yenye kichwa cha chuma, anakifuata, anakipiga tena, mpaka kiingie kwenye shimo lenye bendera. Anayetumia mapigo machache ndiye anayeshinda. Basi. Wao walikuwa wakivaa soksi ndefu kwa ajili ya jambo hilo. Mimi niliwatazama miaka mitatu, na walipokwenda kula nilijipigia na vipira vilivyopotea kwenye majani. Mnyapara alinikuta siku moja. Badala ya kunifukuza akawaita wenzake waje wacheke. "Njooni muone! Huyu Mfipa analima mawingu!"

Nilikasirika siku ile, na hasira ile haijaisha hadi leo. Uwanja ule ulipokuja kuachwa, fimbo zikawa zinaota kutu stoo, niliziomba, nikapewa saba na mfuko wake. Nikarudi nazo Sumbawanga. Nikafanya biashara ya mahindi, nikapakia dagaa Kirando, nikashusha mizigo Muze, nikanunua mashine ya kusaga. Nikanunua na ekari nane nje ya Katandala, pembeni mwa mji; wakati huo pale palikuwa na fisi na upepo. Sikupanda kitu. Niliacha majani, nikachimba mashimo matatu kwa mkono wangu, nikasimika bendera tatu za gunia; kijito chenye matete kinapita hapo hapo. Kila Jumapili nikitoka misa, nacheza. Kuna watu wana baa yao. Mimi nina majani yangu.

Mwaka juzi mji ukafika. Nyumba zikapanda mpaka kwenye mpaka wangu, bodaboda zikaanza kupita hadi kwenye ukingo wa uwanja. Na mtoto wangu wa kwanza, ambaye anauza mabati na saruji mjini, akaja Jumapili moja na ndugu zake nyuma yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee. Tumekaa kama watoto, tukaona ule uwanja ukatwe viwanja. Watu wanavitafuta. Wewe unapafanyia nini pale?"

"Napachezea."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. "Mzee, tuseme ukweli. Tangu nikiwa mdogo nakuona unapiga, na huo mpira haujawahi kuvuka kijito. Unaenda kulia, unaingia kwenye matete, unatutuma tukautafute. Ungekuwa unacheza kweli, sawa. Lakini ule si mchezo, ni mzee anapigana na majani."

Mama yake alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Na mimi, kwa hasira, nikasema maneno ambayo hakuna aliyenilazimisha kuyasema:

"Tukishapura ulezi na kuuweka ghalani, njooni wote. Nitapiga mipira mitano. Ikivuka kijito mitatu, asiniletee mtu tena habari ya viwanja mpaka mnizike. Isipovuka, kateni."

"Umesema, mzee."

"Nimesema."

Mimi neno langu silirudishi. Ndivyo nilivyopata nilivyo navyo, na ndivyo nilivyokaribia kuvipoteza.

Kesho yake nikaanza mazoezi. Kutoka alama ya kupigia mpaka kijito ni hatua mia na ishirini, nimezihesabu mwenyewe. Mipira ishirini, ukavuka mmoja. Mingine yote ilikwenda kulia, ama fimbo ilichimba udongo nyuma ya mpira, nao ukatambaa kama mgonjwa. Kadiri ilivyokataa ndivyo nilivyorusha fimbo nyuma zaidi ili nipate nguvu. Nilikuwa nikiivuta mpaka inapita kichwa, inashuka mgongoni, kisigino cha kushoto kinanyanyuka, kiwiko kinakunjika kama cha mtu anayejikuna.

Ng'ambo ya kijito anakaa Msukuma mmoja mfugaji, alihamia huku na ng'ombe wake zamani, tumezeeka kwa kutukanana. Alikuwa amesimama na rungu lake anatazama.

"Mtani!" akaniita. "Hicho kipira kimekukosea nini?"

"Angalia ng'ombe wako!"

"Nawaangalia! Wao wanakuangalia wewe! Sasa ninyi Wafipa si mnasifika kwa uchawi wa radi? Tuma hata ndogo ikisukume kivuke!"

Nikampigia mmoja kwa hasira kumlenga yeye. Ukaenda kulia, kwenye matete. Akacheka mpaka akakaa chini.

Wiki mbili zikaenda hivyo. Kiuno kikaniuma, mkono wa kushoto ukavimba kwenye kifundo. Nyumbani nilikuwa sisemi na mtu. Nilimkasirikia mwanangu, nikamkasirikia mnyapara ambaye pengine alishakufa, nikawakasirikia na baba wadogo kwenye makaburi yao. Hasira zote hizo na mpira hauvuki.

Siku moja mke wangu akanifuata uwanjani, amebeba ungo na ulezi wa mwaka jana wa kupeta, maana pale kuna upepo mzuri. Yeye gofu hajawahi kuishika, na miaka yote hakuwahi kunisemesha juu yake. Akasimama pembeni akatazama mapigo sita au saba.

"Baba, unaiachia."

"Naachia nini?"

"Fimbo. Ikifika juu, vidole viwili vya mkono wa kushoto vinafunguka. Halafu ikianza kushuka unaikamata upya, kila mara mahali pengine. Itapiga wapi hiyo?"

Nikamwambia akapete ulezi. Lakini alipogeuka nilivuta fimbo taratibu nikajitazama mkono. Kweli. Kidole kidogo na kinachofuata vilikuwa hewani kama masikio ya mbuzi. Vilikuwa vikifunguka hivyo tangu nikiwa na jembe, maana jembe likifika mgongoni huwezi kulibana, lazima ulilegezee mkono ligeuke. Miaka yote hiyo, na sikujua.

"Na tena," akasema bila kugeuka, "unaipeleka mbali hivyo kwa sababu hukuwahi kuwa na mtu nyuma yako. Ungekulia uwanja wa kupuria, ungejua fimbo inasimama wapi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko cha mwanangu. Nikatupa fimbo. Nikamwambia kwamba mimi sikulelewa na mtu, kwamba hao waliokuwa na watu nyuma yao wako wapi leo, mbona ni mimi ninayewasagia mahindi? Aliniacha niseme. Nilipomaliza akachukua ungo wake akaenda nyumbani. Tulikula ugali na dagaa, nikaenda kulala mapema. Siku mbili sikwenda uwanjani.

Siku ya tatu tulipura ulezi. Asiyejua kwetu nimweleze: masuke yanatandazwa kwenye uwanja uliosiribwa, watu wanajipanga mistari miwili wakitazamana, kila mtu na fimbo, wanapiga kwa zamu. Nyuma yao wanapita wanawake wakikusanya na kupeta. Mke wangu alizaliwa nyumba ya watoto tisa. Alianza kusimama kwenye mstari huo kabla hajang'oka meno ya utoto. Nilimtazama. Fimbo yake ilipanda mpaka usawa wa sikio, ikasimama, ikashuka. Haikupita hata mara moja. Mabega yake ndiyo yaliyogeuka, mikono ilifuata tu. Na ulezi ulikuwa ukiruka kwake kuliko kwa wanaume wawili waliokuwa wakirusha magongo mpaka mbinguni. Mmoja wao nusura ampasue dada yake aliyekuwa akipita nyuma, akatukanwa na uwanja mzima.

Mimi ulezi nimeununua na kuuuza miaka arobaini. Kuupura kwenye mstari sikuwahi. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyeniita, na nilipopata uwezo nilikuwa nikilipa watu.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikamwambia, "Njoo na ungo wako."

Hakuuliza. Alikuja akasimama nyuma yangu hatua moja na nusu, mahali hasa ambapo kichwa cha fimbo hushukia kikishapita kichwa changu.

"Toka hapo, nitakuua."

"Fimbo isipite sikio, basi. Na ukishapiga ishia mbele, usijizungushe kama kamba."

"Mama, nimesema toka."

"Nami nimesema napeta."

Akaanza kupeta. Nilisikia ungo, shaa, shaa, nyuma ya mgongo wangu. Nikavuta fimbo, mkono wa kushoto umenyooka, vidole vyote vimebana, nikageuza mabega, na fimbo ilipofika sikioni ikasimama yenyewe, maana kupita hapo kulikuwa na mtu. Niliona kama sijaanza hata kuvuta. Niliona aibu, pigo dogo kama la mtoto. Nikapiga. Mpira ukaenda chini chini, umenyooka, ukaruka kijito.

Msukuma ng'ambo akashusha rungu lake. Kwa hilo peke yake nikajua kuna jambo.

Usidhani ikawa rahisi. Mwili wa miaka sitini na kitu unakumbuka vya zamani. Akiwepo nyuma, naweza. Akiondoka kwenda jikoni, fimbo inarudi mgongoni. Tulifanya hivyo wiki tatu, yeye na ungo hata pale ambapo ulezi wa kupeta ulikuwa umekwisha. Alikuwa akipeta hewa.

Siku ikafika. Mwanangu alikuja kwa pikipiki na ndugu zake, na nyuma ya pikipiki gunia. Nikauliza gunia la nini. Vigingi. Alikuwa ameshachonga vigingi vya kupimia viwanja, ishirini na vinne, vimepakwa rangi nyekundu vichwani.

"Ni maandalizi tu, mzee."

Nikachukua fimbo iliyoandikwa namba tano, ile niliyofanyia mazoezi.

Mpira wa kwanza ukavuka. Wa pili, nikatazama lile gunia, moyo ukapanda, fimbo ikapanda nao; nilihisi kabisa vidole viwili vikifunguka. Matete. Mwanangu akakohoa. Wa tatu ukavuka, safi. Wa nne niliubana kwa woga, ukadondokea majini, nikasikia chubwi.

Umebaki mmoja. Nikafuta mikono kwenye suruali. Ndipo niliposikia, shaa, shaa. Sikumwita.

"Mama, toka hapo!" mwanangu akapiga kelele. "Atakupiga!"

"Nitoke niende wapi? Hapa ndipo ninapopetea."

"Mama, mzee anarusha hiyo kitu mpaka chini!"

"Wewe ulimwona lini mara ya mwisho? Nyamaza baba yako apige."

Nikavuta. Sikioni, ikasimama. Nikapiga, nikaishia mbele. Mpira haukwenda vizuri sana, sitawadanganya. Uliinuka kidogo, ukashuka mapema, ukagonga ukingo wa ng'ambo, ukarukia majanini hatua mbili tu kutoka majini.

"Umevuka!" Msukuma akapaza sauti, rungu juu. "Umevuka mtani, na umewakosa ng'ombe!"

Mwanangu alikwenda mpaka kwenye kijito kuhakikisha. Akarudi. "Mzee, umevuka kwa hatua mbili."

"Hatua mbili nazo ni zangu. Weka gunia chini."

"Vigingi hivi nimenunua mbao..."

"Weka chini."

Akaweka. Akaaga, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Siku hizi anakuja, anakula, hagusii uwanja. Mimi bado nina hasira naye, na nikiona gunia lolote kwenye pikipiki hasira inarudi. Lakini mke wangu akiniona natoka na fimbo haulizi kitu, anachukua ungo.

Leo nina nyumba moja ya tofali za kuchoma, vyumba sita, bati. Mashine mbili za kusaga, moja mbovu. Ng'ombe kumi na wanne. Shamba la mahindi ekari kumi na mbili na la ulezi ekari tatu. Fimbo saba za gofu na mfuko wake. Mipira kumi na tisa, mingine iko kwenye matete. Ekari nane za majani, mashimo matatu, bendera tatu. Vigingi ishirini na vinne vyenye vichwa vyekundu, ninafungia mbuzi.