Bei ya Shabaha

Tangu uvumi wa vita uingie Sokółka, mji wa Polandi ulio jirani na mpaka wa Belarusi, usingizi ulimpaa Genowefa, mshona mapazia. Kila Jumamosi alikwenda uwanja wa shabaha, na pale kila kitu kina bei: bunduki, risasi, hata karatasi yenye picha ya mtu. Pesa yote ya nyama iliishia huko.

“Shangazi, zloti zako zinatoboa ukuta tu!” Zenek, mwalimu wa kulenga shabaha, alimtania.

“Funga domo. Lete risasi.”

Akafyatua. Tundu likatokea kifuani mwa mtu wa karatasi.

“Hongera! Sasa umeiva.”

Genowefa akaiweka bunduki chini. Ng’ambo ya mpaka, mtoto wa dada yake alikuwa ameshavishwa gwanda la jeshi.

“Zenek,” akanong’ona, “karatasi isiyo na mtu ni bei gani?”