Mwari wa Miguu Mitatu

Bi Lurleen Stallworth ameuza bisi kwa miaka ishirini na sita katika bustani yetu ya michezo hapa Florida, kwenye kibanda kilekile mkabala na bembea kubwa. Ukimwomba akuongezee siagi atakuuliza, "Mama yako anajua?" hata kama kichwa kimejaa mvi. Shingoni huvaa utepe wa kijani uliosheheni beji, kama wafanyakazi wote, na kanuni ya utepe huo tunaijua sote: mgeni akinyooshea kidole beji yoyote na kutoa yake badala yake, mfanyakazi hakatai. Iliwekwa kwa ajili ya watoto. Sisi watu wazima tunaokusanya beji ndio tunaoitumia bila haya.

Kila Jumamosi tunakaa kwenye benchi za kando ya bwawa, mikoba wazi, tukibadilishana na kutukanana. Duka la langoni limejaa beji nzuri zinazong'aa, na hatuzigusi. Tunachotaka ni kile kisichopatikana tena: kilichotengenezwa kwa siku moja tu, au kilichokosewa kiwandani kikarudishwa, au cha mchezo uliokwisha kuvunjwa. Kikiwa na hayo yote matatu, watu wenye wajukuu hupigana viwiko.

Mwari wa miguu mitatu alikuwa nayo yote. Treni ndogo ya kuzunguka bwawa ilipofungwa, uongozi uliagiza beji mia moja za kuwagawia wafanyakazi, zikimwonyesha Kapteni Mwari, yule ndege wa mdomo wa mfuko aliye nembo ya bustani yetu, akiwa ameketi juu ya injini. Kiwandani wakamwongezea mguu. Beji zikakusanywa siku ileile kwa aibu, zikabaki chache tu mifukoni mwa wakaidi.

Nilimwona kwenye utepe wa Bi Lurleen Alhamisi moja ya mwezi Machi.

"Bi Lurleen, leo umependeza."

"Hollis, ukinisifu najua una shida. Sema."

Nikanyoosha kidole. Mkono mwingine ulishika nyota ya njano, beji ya dukani, ya ovyo kuliko zote nilizokuwa nazo.

Mkono wake ulipanda ukamfunika mwari. "Huyu? Huyu nimemvaa leo tu. Chagua mwingine, baba."

"Kanuni ni kanuni," nikasema, nikicheka kama mjinga.

Aliniangalia. Nyuma yangu palikuwa na foleni, na msimamizi wake alisimama hatua tano tu. Akamvua, vidole vikihangaika na kifungo. "Haya. Usimwangushe."

Leo tu, alisema. Nilimsikia vizuri, na sikumuuliza kwa nini.

"Una bahati ya mwizi wewe!" rafiki yangu Orrin alinipigia kelele pale benchini Jumamosi. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimeshampa mwari bwana mmoja kutoka jimbo la Ohio, kaskazini mbali, naye akanipa beji kumi na moja nilizozitafuta miaka mingi. Nililala usingizi wa pono.

Jumamosi iliyofuata Bi Lurleen alikuja benchini akiwa amevaa gauni lake la kanisani, bila utepe, amekumbatia bati la biskuti.

"Leo niko mapumzikoni, nimeingia kama mgeni," alisema. "Mgeni kwa mgeni unaweza kunikatalia, Hollis, kwa hiyo nimekuja kukuomba." Akafungua bati. Zilikuwamo beji za miaka yote ishirini na sita. "Ile treni aliiendesha Odell, mume wangu. Alhamisi ile ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, ya kwanza tangu nimzike. Nikasema nimlete kazini siku moja. Ujinga wangu, nikambandika kwenye utepe badala ya ndani ya kola. Chagua yoyote unayotaka. Au chukua zote, na bati lenyewe."



"Ameenda Ohio, Bi Lurleen," nikasema. "Yule bwana hata jina sikumuuliza."

Alifunga bati polepole, akabonyeza kifuniko pembe zote nne.

"Ohio," alisema. "Miaka kumi na tisa mtu anazunguka bwawa hili, kumbe alikuwa na safari." Alijaribu kucheka, midomo ikamkatalia. "Kuna baridi huko." Akaondoka.

Nimeuliza kwa wakusanyaji wote ninaowajua. Nimetangaza kwamba nitatoa mkoba wangu mzima kwa ajili ya mwari mmoja. Hajapatikana. Majuto ni mjukuu, na wangu amehamia nyumbani kabisa.

Miaka miwili imepita. Beji za utepe wa Bi Lurleen zimebadilika zote isipokuwa nyota yangu ya njano, kwa kuwa hakuna mtoto aliyewahi kuinyooshea kidole. Nikienda kununua bisi bado ananiuliza kama mama yangu anajua. Nami naangalia kaunta, namwambia siagi kidogo tu.